Gemu za kunyata: ipi ununue kwanza ukiwa Arusha au Moshi

Kipimo chetu ni sekunde kumi zinazofuata mlinzi akishakuona. Gemu ya kunyata iliyotengenezwa vizuri hukupa upenyo kati ya kujificha na vita: ukimbie, uzime taa, au umlaze aliyekuona kabla hajaita wenzake. Iliyotengenezwa vibaya hukurudisha mwanzo papo hapo, au inakupa silaha kali kiasi kwamba kunyata kunageuka kupoteza muda. Kwa mnunuzi wa huku kwetu tumeongeza vipimo viwili, bando na umeme, na ndivyo vilivyoishusha gemu moja nzuri sana hadi mkiani.

1. Metal Gear Solid V: The Phantom Pain (2015, PS3, PS4, Xbox, kompyuta)

Mlinzi akikuona kwa karibu, muda unapungua kasi kwa sekunde chache. Ukimlenga kichwani kwa bastola ya usingizi ndani ya muda huo, kambi nzima haijui kilichotokea. Ukikosa, vita inaanza, nayo inachezeka: unaweza kurudi nyuma, kujificha upya na kusubiri wachoke kutafuta. Wachezaji wazoefu huuzima msaada huo kwenye mipangilio.

Kinachoiweka juu ni jinsi maadui wanavyojifunza. Ukipenda kupiga vichwa, wanaanza kuvaa helmeti. Ukishambulia usiku kila mara, wanaleta miwani ya kuonea gizani. Kwa hiyo huwezi kutumia mbinu moja hadi mwisho, ila unaweza kutuma askari wako wakaharibu maghala ya vifaa hivyo. Ukipata diski ya PS4 iitwayo The Definitive Experience, chukua hiyo, kwa sababu ina Ground Zeroes, gemu fupi ya utangulizi wake, ndani yake.

Kasoro: huwezi kuhifadhi mchezo popote unapotaka. Umeme ukikatika kabla ya kufika kituo cha kuhifadhia, unarudia kipande kizima. Kama mtaani kwenu umeme hauaminiki, nunua UPS kwanza, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Kukatika wakati PS4 inaandika data kunaweza pia kuharibu faili la mchezo wako.

2. Dishonored (2012), au Dishonored 2 (2016) kama una PS4

Hapa unaweza kuhifadhi karibu wakati wowote. Kwenye kompyuta bonyeza F5 kila unapovuka chumba. Nguvu ya kuruka ghafla kutoka paa hadi paa ndiyo mlango wako wa dharura ukionekana. Ukiua watu wengi, mji unajaa panya na walinzi, na mwisho wa hadithi unakuwa wa giza.

Ya kwanza ina tatizo tunalolichukulia kwa uzito: vifaa vingi inavyokupa ni vya kuua, kisha inakuhukumu kwa kuvitumia. Asiyetaka kuua anabaki na kukaba shingo na mishale ya usingizi. Ya pili ilirekebisha hilo, kwani unaweza kumrukia mtu kutoka juu ukamzimisha bila kumuua. Ya kwanza inahitaji RAM ya GB 3 na nafasi ya GB 9 tu. Ya pili inataka RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 60.

3. Mark of the Ninja (2012, toleo jipya 2018)

Kwa laptopu ya kawaida, anza na hii. Inachezwa kwa upande kama katuni, na kila sauti unayotoa inachorwa kama duara, hivyo unajua kabisa nani atakusikia. Ukionekana unakufa haraka, jambo linaloipunguzia alama kwa kipimo chetu. Lakini kuna vazi linalokunyang'anya upanga na kukuruhusu kukimbia bila kelele, na ukilivaa gemu nzima inabadilika.

4. Splinter Cell: Blacklist (2013)

Inakupa alama kwa mitindo mitatu: asiyeonekana, anayeua kimyakimya, na anayevamia. Tatizo ni kitufe cha kuwatia alama maadui kisha kuwapiga wote kwa mkupuo, maana kinamaliza vyumba vigumu bila jasho. Chagua kiwango cha Perfectionist, ambacho kinakiondoa.

5. Hitman World of Assassination

Kwa ubunifu ingekuwa ya kwanza. Unabadili nguo, unaingia jikoni kama mpishi, hakuna anayekushuku. Lakini bila intaneti hupati vifaa vipya wala maendeleo, na mtandao ukikatika katikati ya misheni gemu inasimama kukuomba uunganishe tena. Mwenye faiba ya uhakika nyumbani aipandishe hadi namba moja.

Deus Ex: Human Revolution (2011) tuliiacha kwa sababu inamlazimisha mnyataji kupigana na mabosi, yaani maadui wakuu, ana kwa ana. Ukiitaka, nunua Director's Cut ya 2013 pekee, ambayo inakupa njia nyingine za kuwashinda.

Kabla ya kulipa

Faili la GB 60 kwa spidi ya megabiti 10 kwa sekunde linachukua zaidi ya saa 13, kwa hiyo mwenye bando la simu anunue diski. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Angalia kwamba mwanzo wa Phantom Pain, ule wa hospitalini, peke yake unameza karibu saa nzima. Kadi ya zawadi ya PSN (mtandao wa PlayStation) ya Marekani inaingia kwenye akaunti ya Marekani tu.

Diski ya mtumba, iwe ya duka la karibu na Soko Kuu Arusha au la Double Road Moshi, iinue kwenye mwanga. Mikwaruzo inayozunguka na duara la diski ni mibaya kuliko inayotoka katikati kwenda pembeni, kwa kuwa data imeandikwa kufuata duara. Mwombe muuzaji aiweke kwenye PS4 na msubiri inakili yote. Inayokwama asilimia 70 haitapona ukifika nyumbani.