Faiba au Alumini: Ukinunua Boti ya Kuvulia Nje ya Mwamba, Anza na Shetri

Mnunuzi wa boti husimama omo, sehemu ya mbele. Hutazama rangi, hugonga ubavu kwa kidole, huuliza futi ngapi, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei. Lakini boti haifii omo. Boti ya kufuata jodari na nguru nje ya mwamba hufia shetri, sehemu ya nyuma, kwenye ule ubao unaobeba mashine. Kwa hiyo hapa hamna habari ya viti, kivuli wala kasi. Urefu nao tuumalize sasa hivi: kwa watu watatu au wanne, wakati wa upepo wa kusi, chini ya futi 21 ni kujitafutia mrama. Futi 23 hadi 26 ndiyo saizi ya kazi.

Watu huuliza ipi ngumu zaidi, faiba au alumini. Zote ngumu. La kuuliza ni hii inaozea wapi, na nani ataitengeneza ikishaoza.

Faiba: kuni iliyofichwa ndani ya plastiki

Ubao wa mashine kwenye boti nyingi za faiba si faiba tupu. Ndani yake mna plaiwudi, kwa kawaida vipande viwili vya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja, halafu faiba nje na ndani. Mashine ya farasi 40 ya stroki mbili ina kilo sabini na kitu. Ya farasi 60 ya stroki nne inapita kilo 100. Propela inaposukuma, mguu wa mashine unakandamiza ubao sehemu ya chini na vibano vinauvuta kwa juu, tena upya kila wimbi linapopita. Plaiwudi ikiwa kavu hilo si kitu. Ikilowa, unaning'iniza mashine kwenye sifongo.

Maji hupitia matundu, wala si makubwa. Ni skrubu mbili za kifaa cha kupimia kina zilizokazwa bila gundi, bolti nne za mashine, tundu la kutolea maji, kipete cha kufungia kamba. Yote yapo chini au karibu na mstari wa maji, na mafundi wengi huyatoboa, hukaza skrubu na kuondoka. Maji ya chumvi hunywewa na plaiwudi taratibu kwa miaka miwili, mitatu, huku nje bado panang'aa. Wahenga walisema ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani; maji ya boti nayo hurejea huko huko, na ngama ya boti hizi, pale maji yanapokusanyika, iko chini ya ubao wa mashine.

Kuupima ni kazi ya nusu saa. Boti iwe juu, mashine imefungwa. Inua mashine iwe mlalo, shika mguu wake karibu na propela, sukuma chini na kuinua kwa nguvu. Mwenzako aweke kiganja kwenye ubao kwa ndani na macho kwenye pembe zinapokutana na ubavu. Ubao usicheze hata kidogo. Nyufa nyembamba kama unywele zikifunguka na kufunga pembeni, achana na bei yoyote uliyotajiwa. Kisha gonga ubao mzima kwa mpini wa nyundo, kila baada ya sentimita tano: pazima panalia kwa ukali, palipooza pana mlio butu kama embe lililoiva kupita kiasi. Mwisho, fungua skrubu moja ya chini kabisa. Ikitoka na tone la maji ya rangi ya chai, basi. Ukibaki na shaka, omba ruhusa utoboe kwa ndani tundu la milimita 6, sentimita chache kutoka chini. Unga ukitoka mkavu na mweupe, ziba kwa epoksi na endelea kupatana. Ukitoka mweusi, unanata na kunuka, umeokoa fedha zako.

Kutengeneza kunawezekana, na hapo ndipo faiba inapoishinda alumini kwenye pwani yetu. Fundi anakata ngozi ya ndani, anachokoa plaiwudi yote (yote, si ile iliyooza tu), anaacha pakauke, anaweka plaiwudi mpya ya baharini kwa epoksi, anarudishia tabaka. Kingo za mkato zisagwe mteremko wa mara 12 ya unene: ngozi ya milimita 6 inataka mteremko wa sentimita 7 hivi. Fundi anayesaga sentimita mbili na kubandika mati (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu yake amekuuzia plasta ya kidonda. Kwenye rezini ya poliesta, hadena, ile dawa ya kuigandisha, iwe kati ya asilimia 1 na 2. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam mchana, kaa kwenye 1, la sivyo inashika kabla brashi haijamaliza na baadaye inapasuka.

Iwe boti mpya au iliyotengenezwa, matundu ya bolti yafanyiwe hivi: bolti ya milimita 12, toboa 20, jaza epoksi nzito, iache igande, kisha toboa 12 katikati. Bolti sasa imezungukwa na epoksi, haigusi mbao. Mwisho gundi ya poliyurethani ya baharini kama Sikaflex 291, si silikoni ya madirisha. Ni kazi ya siku moja, na boti mpya iliyofanyiwa hivyo kabla haijatoka kwa fundi ni adimu kuiona.

Alumini: ugonjwa ule ule, dalili nyingine

Muuzaji wa alumini atakwambia haiozi. Kweli haiozi kama mbao, ila inaliwa. Pana boti za alumini ambazo ubao wa mashine nao umejazwa plaiwudi, na plaiwudi mbichi iliyobanwa dhidi ya alumini bila hewa huutoboa mkebe kwa ndani. Ikiwa plaiwudi hiyo imetiwa dawa ya mchwa yenye shaba ndani yake, mambo huenda mbio zaidi. Swali la kwanza kwa muuzaji wa alumini, kabla ya bei: ndani ya ubao wa mashine mna nini? Jibu linalokubalika ni alumini tupu, sahani mbili zenye mbavu zilizochomelewa katikati.

Adui wa alumini ni metali nyingine ikiwa pamoja na maji ya chumvi. Chubwi moja ya risasi iliyoanguka ngamani na kukaa wiki kadhaa inatosha kuchimba shimo. Vivyo hivyo ndoana, kipande cha waya wa shaba, koki ya shaba iliyofungwa moja kwa moja. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba, ile wanayopaka wenye boti za faiba kila mwaka, ni sumu kwa alumini; usiruhusu hata kopo lake likae ndani. Bolti za stenlesi ziwekewe washa za nailoni na grisi ya kutenganisha. Taa na pampu kila moja iwe na nyaya zake mbili hadi kwenye betri, bodi isitumike kurudisha umeme. Na vile vipande vya metali vinavyofungwa ili viliwe badala ya boti viwe vya zinki au alumini. Vya magnesi ni vya maji baridi, acheni vikae Ziwa Victoria.

Kuipima: tafuta unga mweupe kuzunguka bolti, chini ya rangi iliyoumuka, na kwenye pembe za ubao wa mashine. Kisha ufa. Alumini huchoka, nayo huchokea mwisho wa mstari wa mchomeleo, hasa pale ubavu unapokutana na shetri. Wachomeleaji wa zamani walikuwa na kipimo cha bei ya soda moja: paka chaki upande wa nje, ikauke, pangusa mafuta ya taa upande wa ndani, ngoja robo saa. Pakiwa na ufa uliotoboa, mafuta yatachora mstari kwenye chaki. Hakikisha tu tangi la petroli liko mbali.

Shida ni fundi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi ya oksidi iliyo juu yake inahitaji zaidi ya 2,000, ndiyo maana mchomeleaji wa mageti hawezi kuigusa. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni, waya wa kuchomelea wa aloi ya 5356 au 5183, brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, na mahali pasipo na upepo. Ufukweni upepo hupeperusha gesi na mchomeleo unatoka na matundu kama mkate wa mofa. Kama huwezi kumfikia fundi wa namna hiyo kwa safari ya siku moja, usinunue alumini, hata kwa nusu bei. Samoa wavuvi wamefuata jodari kwa katamarani za alumini ziitwazo alia. Kwetu wachomeleaji wa alumini wako mjini, na boti iko Kipumbwi au Vanga.

Mpangilio wangu

Namba moja ni boti ya faiba ya Yamaha ya kazi, ile ndefu nyembamba ya futi 23 au zaidi. Sioni haya kulisema jina. Yamaha wanatengeneza boti za faiba tangu mwaka 1960, umbo lao la kazi linakwenda na mashine ndogo, na kuanzia Lamu hadi Mtwara hutakosa mtu mwenye spea za mashine yao ya Enduro ya farasi 40. Faiba ni nzito, na uzito huo ni rafiki wakati wa kusi: inakata wimbi badala ya kulirukia. Barafu pia hukaa, maana faiba haipitishi joto kama alumini. Hata hivyo jina halizibi matundu. Ikifika, fungua kila skrubu ya shetri na uifunge upya kwa gundi.

Namba mbili ni alumini iliyochomelewa, aloi ya 5083, milimita 5 chini na 4 ubavuni, bila plaiwudi popote. Mfano wa kuigwa ni Stabicraft wa Invercargill, New Zealand, wanaozijenga tangu 1987 zikiwa na vyumba vya hewa vilivyofungwa ubavuni kote. Anayepandisha boti kwenye mawe ya matumbawe kila siku, na ana fundi wa agoni karibu, kwake hii ndiyo namba moja. Ubaya wake ni kelele, kuruka ruka, na barafu: weka sanduku juu ya mbao, lisikae kwenye bodi.

Namba tatu, faiba ya fundi wa hapa. Wapo wazuri sana na wapo wachoraji. Usibishane naye juu ya unene. Omba kile kidonge cha duara kinachotoka anapotoboa tundu la kutolea maji. Kwa bodi ya chini ya boti ya futi 23, kiwe na milimita 8 au zaidi. Kipime uzito, kichome moto mahali pa wazi hadi rezini iishe, pima tena. Kidonge cha gramu 20 kikibakiza gramu 6 au 7 za kioo, kazi ni nzuri. Kikibakiza 4, umeuziwa rezini na rangi. Tabaka zilizobaki utazibandua kwa vidole na kuzihesabu: mati peke yake haitoshi, pawe na ile iliyofumwa katikati.

Na hapa niseme la moyoni kuhusu wauzaji. Bei inatajwa kwa dola, boti imejengwa kwa rezini iliyonunuliwa kwa shilingi. Futi zinahesabiwa pamoja na kipande cha mbele kinachoning'inia hewani, hivyo 23 inakuwa 21 na nusu ukipima sakafu. Unene unaoneshwa kwenye ukingo wa juu, ambako tabaka zimekunjwa mara mbili. Boti iliyotumika inapakwa jelikoti mpya, ile ngozi ya rangi ya nje, upande wa shetri tu, na hakuna anayeona ajabu kwamba shetri ni nyeupe kuliko omo. Ukiomba skrubu moja ifunguliwe, unaambiwa unaharibu mali. Mali gani hiyo inayoharibika kwa skrubu?

Tena wanauza boti na mashine kama furushi moja bila kupima kimo. Ubao wa inchi 20 unataka shafti ndefu; wakikuwekea ya inchi 15 propela inanyonya hewa kila wimbi, na mashine inapiga kelele bila kusukuma. Nenda na futikamba yako.

Mtumba nauweka namba nne, kwa vipimo vile vile, na ongeza kimoja: pima uzito wake majini. Boti tupu inayokaa chini upande wa shetri kuliko mstari wa zamani wa uchafu imekunywa maji, kwenye ubao au kwenye povu la chini ya sakafu. Povu lililolowa halikauki kwa jua; linakatwa na kutupwa.

Alumini ya riveti ni ya mabwawa na mito. Nje ya mwamba riveti hulegea moja moja. Mbao iliyovikwa faiba, usinunue. Mbao huvimba na kunywea, faiba haifuati, na ndani ya misimu michache zinaachana.

Mapatano yakifika mwisho, haya yaandikwe kwenye hati ya mauzo: ndani ya ubao wa mashine mna nini, unene wake ni milimita ngapi, matundu yamezibwa kwa nini, na muuzaji aweke sahihi mbele ya kila mstari. Kidonge chako kitie kwenye bahasha pamoja na hati hiyo.