Masikio ya Tembo: Lipi Ununue, na Kwa Nini Uanze Kutazama Chini ya Kiriba

Mwezi wa Aprili nilinunua sikio la tembo la Sh 35,000 kando ya barabara ya Bagamoyo. Majani manne, kila moja pana kama ungo, na urefu wake ulinifika kifuani. Kwenye bajaji ilibidi tufungue turubai ili lipite. Siku ya tatu jani la nje likalala. Siku ya sita likafuata la pili. Siku ya tisa nikashika shina, nikatikisa kidogo tu, likatoka lote mkononi kama mwiko kwenye uji. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Palikuwa na jeraha la panga, limelainika na kunuka kama muhogo uliovunda.

Nikampigia muuzaji. "Mama, utakuwa umelimwagilia sana." Nikampigia mara ya pili. Akasema ua lilikuwa bado halijazoea nyumba. Mara ya tatu simu ikaita mpaka ikakata.

Nilipolieleza hili hapa, dada mmoja wa Tanga akaniandikia kwamba yeye yamemfia mawili, yote kwa mtindo huo huo. Mwingine wa Mombasa amekwisha kununua matatu, na bado anadhani mkono wake una nuksi kwenye mimea. Dada yangu, mkono wako hauna shida. Umeuziwa kijiti.

Mambo ya rangi na ukubwa sitayasema, macho unayo. Nataka utazame kitu kimoja tu: chini. Inua kiriba, ule mfuko wa plastiki uliopandiwa mmea, tazama yale matundu ya kutolea maji. Kama mmea umekaa humo miezi miwili mitatu, mizizi itakuwa imeshachungulia. Kisha shika kikonyo karibu na udongo, ukisukume kwa kidole gumba. Mmea wenye mizizi unakwenda pamoja na kiriba chake, lakini uliochomekwa jana unacheza peke yake, kiriba kimetulia. Na ukiona mmea mzima wa kifuani ndani ya kiriba kinachong'aa kwa upya, udongo haujashikana, hata kijani cha ukungu hakijaota juu yake, jiulize ulikuwa unaishi wapi wiki iliyopita.

Ulikuwa ardhini, pembeni ya mama yake. Asubuhi umekatwa kwa panga, ukachomekwa, ukamwagiwa maji uonekane mbichi, ukakusubiri wewe. Majani yale mapana yanapoteza maji kutwa nzima kwa jua na upepo, na hapana mzizi wa kuyarudisha. Mmea unaanza kunywa akiba iliyomo kwenye tunguu, lile bonge la chini ya shina. Tunguu nalo lina jeraha, limekaa kwenye udongo unaotota, kwa joto letu la Dar. Siku tisa zinatosha kabisa.

Mtu atasema, mbona magimbi yanapandwa kwa vipande na yanashika? Kweli. Mkulima wa magimbi hukata kichwa chenye kipande kidogo cha tunguu akakipanda bondeni, na kinaota. Lakini mtazame anachofanya kabla ya kupanda: anafyeka majani, anabakiza vikonyo vifupi. Anajua jani kubwa litakiua kipande kile. Muuzaji wa barabarani anajua vilevile, ila majani ndiyo anayouza.

Kwa hiyo ukikuta lenye majani mawili na mizizi imetoka chini, na lenye majani matano yanayopepea, chukua la mawili. Wanaokuja nyumbani hawatalisifu mwezi huu. Wavumilie.

Sasa lipi la kununua. Sifichi upendeleo wangu: namba moja ni lile kubwa la kijani, Alocasia macrorrhizos, na hakuna lingine linalolisogelea. Utalijua kwa jani lake, ncha inatazama juu kama mtu aliyeinua mkono darasani. Ukilitunza miaka kadhaa linajenga shina juu ya ardhi na linaweza kukupita urefu. Linataka jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na halipendi kukaa kwenye dimbwi, kwa hiyo changanya udongo na mboji, kichanga na pumba za mpunga ili maji yapite. Kama uko karibu na bahari, liweke upande uliokingwa, upepo wa chumvi unaunguza kingo za majani. Langu lina mwaka wa tatu, nililipata kwa bibi mmoja anayeotesha miche mlangoni kwake, akaniuzia dogo lenye majani mawili. Alfajiri ncha za majani zinadondosha maji, na mgeni akilala kwangu huniuliza kama tenki linavuja. Jihadhari na utomvu tu. Unawasha vibaya, na mtoto au paka akitafuna jani mdomo utamwaka.

La pili ni gimbi jeusi, lile linalouzwa kwa jina la Black Magic. Ni ndugu wa damu wa magimbi ya futari, kwa hiyo mahali panapotota ndipo kwake, hata ndani ya beseni la maji. Lipe jua. Kivulini weusi wake unachuja, linabaki na rangi ya kijani kilichochoka. Hili hata ukiuziwa lililochomekwa unaweza kuliokoa, mradi ukate majani siku hiyo hiyo ukifika nyumbani. Roho itauma, lakini kata.

La tatu, kwa wenye nyumba za kupanga wasio na ua wa kupandia, ni Polly, lile dogo lenye mishipa myeupe kama limechorwa kwa chaki. Linaitwa pia Amazonica na watu wanadhani limetoka mto Amazon, kumbe jina ni la kitalu kimoja cha Miami. Utitiri unalipenda kupita kiasi. Pangusa chini ya majani kwa kitambaa chenye maji kila wiki, kabla hujaona vile vitando vyake kama vya buibui. Wa Arusha na Nairobi, likipukutisha majani mwezi wa Julai msilitupe. Limelala. Punguzeni maji, tunguu li hai.

Yale ya madoa meupe siyapangi popote. Ile sehemu nyeupe haitengenezi chakula, inaungua kwa jua dogo, na bei yake ni ya kitanda.

Ya bei rahisi: gimbi la kijani la kawaida. Linapendeza. Omba mche kwa mwenye shamba bondeni.

Omba, nasema, usinunue kama nilivyonunua mimi miaka ya nyuma, Sh 20,000, "mama, hili ni ua la Thailand." Jirani yangu, bibi wa Unguja, alisimama mlangoni akalitazama, akanitazama na mimi. "Mwanangu, umenunua majimbi?" Ramadhani ilipofika akaniuliza kama nimeshayachimba.

Na hizi bei zinapangwaje? Ukishuka kwenye gari ni 35,000. Ukifika kwa miguu ni 25,000. Wale wa mtandaoni wanakupigia picha mmea wa mita mbili, bodaboda anakuletea kitu kimelala kwenye mfuko kama mchicha, na ukiuliza unaambiwa picha ilikuwa ya mfano.

Wiki iliyopita nilirudi palepale kwa daladala, kanga begani. Lilikuwepo pacha wa lile langu, majani manne. Muuzaji akaniambia elfu kumi na tano. Nikainama, nikainua kiriba. Kipya, kinang'aa, chini pakavu hapana hata unywele wa mzizi. "Mama, ukiinua hivyo unaliumiza," akasema.

Nikalirudisha chini taratibu, lisije likaanguka kabla mteja wake hajafika.