Uzoefu wangu: reli ya Kato ya milimita 9, mashine ya nyasi, na shamba la katani juu ya meza

Miezi 14 sasa nimekaa na hii seti kwaiyo nadhani naweza kuielezea bila kubahatisha. Ni reli ndogo ya treni za mfano ya Kato, kampuni ya Japani, ile wanaiita Unitrack, saizi ya N, yaani nafasi kati ya reli na reli ni milimita 9. Shemeji yangu alikua Japani kwa masomo akarudi nayo kwenye begi, reli za duara zima, kichwa kidogo cha dizeli aina ya DE10 na mabehewa manne ya mizigo. Baadae nikaagiza mwenyewe mashine ya kusimamisha nyasi kwa umeme na pakiti za miti, hizo nitafika, maana huko ndio kuna maneno.

Kwetu ni Mombo. Anayeijua njia ya Tanga anajua pale, milima ya Usambara imesimama nyuma kama ukuta, barabara ya Soni na Lushoto inaanzia pale kupanda, na chini ni tambarare yenye joto na mikonge mpaka macho yachoke. Wajerumani walianza kujenga hiyo reli kutoka Tanga mwaka 1893, Mombo ikafika 1905, Moshi 1911. Mimi nimekua naiona imelala tu kwenye majani, tunatembea juu ya mataruma kwenda shule, halafu Desemba 2019 treni ya abiria ya kutoka Dar ikarudi kupita kwenda Moshi, nilikuepo siku hizo nyumbani, nilisimama pale stesheni na watu wazima wanalia kabisa. Toka hapo nikawa nataka ile picha niwe nayo ndani. Sio picha ya ukutani, nataka kitu kinachotembea.

Sasa tuje kwenye skeli, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara ngapi, maana hapa ndio wengi watakosea wakinunua. Reli yetu ya zamani ni mita moja, sio kama SGR ambayo ni milimita 1435. Seti nyingi zinazouzwa zimepigiwa hesabu ya hiyo 1435, kwaiyo ukiweka nyumba za skeli yao reli inaonekana pana kuliko ya kwetu. Nilichofanya nimechukua reli ya milimita 9 nikajenga kila kitu kingine kwa skeli ya 1 kwa 120, zidisha 9 mara 120 unapata 1080, umekaribia mita kabisa. Mtu mzima anakua na urefu wa milimita 14, mbuyu wa mita 18 unakua sentimita 15. Kichwa cha DE10 kimetengenezwa kwa skeli ya 1 kwa 150 kwaiyo hapo kinaonekana kidogo, kama kichwa cha shantingi hivi, kile cha kupangia mabehewa stesheni, ila kwa stesheni ya kijijini hakisumbui macho, na Wajapani nao reli zao za kawaida ni nyembamba, 1067, kwaiyo hata mwili wake una sura ya treni za kwetu kuliko za Ulaya.

Reli yenyewe naipa alama zote. Kila kipande kimekaa juu ya tuta lake la plastiki, unachomeka tu kinalia tiki, umeme unapita bila kuunga waya kila mahali. Vipande vilivyonyooka ni milimita 248, kona zangu ni za nusu kipenyo milimita 315, nane zinafunga duara. Uzuri wake unaweza kupanga sakafuni ukabomoa ukapanga tena, mimi nimepanga mara tatu sebuleni kabla sijagusa gundi, na mke wangu alivumilia wiki nzima tunaruka reli kwenda jikoni. Sisi tuko Tanga mjini, chumvi ya bahari inakula kila kitu, lakini hizi reli hazijashika kutu mpaka leo, zinafifia tu zikaanza kukata umeme, unachukua kitambaa na spiriti unapangusa, dakika kumi imeisha.

Angalizo moja kubwa sana, tafadhali lisome hata kama mengine utaruka. Adapta za seti za Japani zimeandikwa 100V, umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja umeunguza. Shemeji alinipigia simu kabla hajapanda ndege kunionya, bila hivyo ningekua nimeshaua chombo siku ya kwanza. Nilinunua transfoma ya kushusha umeme, na kwa siku za mgao natumia betri ya pikipiki, kwasababu mota za hizi treni zinataka volti 12 tu, nikapitisha kwenye kidhibiti mwendo na fyuzi ya ampia 1. Hiyo fyuzi usiiache, behewa likiacha njia magurudumu ya chuma yanaunganisha reli mbili, na betri ya pikipiki ina nguvu ya kuyeyusha plastiki kabla hujafika.

Meza ni plaiwudi ya milimita 12, nimekata sentimita 180 kwa 75, miguu nimeweka kwenye vikopo vya mafuta machafu kwa ajili ya mchwa. Ukipiga hesabu ya skeli hiyo meza ni mita 216 tu kwa maisha halisi, stesheni nzima haiingii, kwaiyo inabidi uchague. Nilichagua jengo la stesheni, jukwaa fupi, njia mbili, shamba la mkonge upande wa mbele na Usambara nyuma kwenye ubao nimechora kwa rangi. Vilima vya chini nimechonga kwa lile fomu jeupe linalokuja na TV, na hapo nilipoteza siku mbili, nilipuliza rangi ya kopo moja kwa moja juu yake ikala fomu yote ikabaki mashimo. Pakaa kwanza gundi nyeupe ya seremala ikauke ndio rangi ifuate, au tumia rangi ya maji.

Sasa mashine ya nyasi. Ni kama chujio lenye mpini na waya mmoja wenye kibanio, unapaka gundi kwenye ardhi, unachomeka msumari kwenye hiyo gundi mbichi unabana waya, unatikisa nyuzi za nailoni zinashuka zimesimama wima kama nyasi za kweli. Mara ya kwanza nilivyoona zimesimama nilimuita kila mtu ndani ya nyumba aje aone. Inafanya kazi, hilo sina ubishi. Tatizo langu ni mawili. Yangu ya kwanza ilikua ya bei rahisi, jina lenyewe haina, ikafa wiki ya pili, nikanunua nyingine nzito kidogo ndio mpaka leo ipo. La pili ni rangi. Pakiti zote nilizopata ni za kijani cha Ulaya, kijani cha mvua ya kila siku, ukimwaga pale Mombo inakua sio Mombo tena. Na miti ndio kabisa, niliagiza pakiti ya miti 30 ikaja imechongoka yote kama ya krismasi, na ile hela inaniuma mpaka leo kwasababu sikutumia hata mmoja.

Nilikaa siku kama tatu nimechukia. Halafu nikiwa sokoni nanunua kamba ya kufungia mzigo nikaiangalia vizuri ile kamba. Ni katani! Rangi ya katani kavu ndio rangi ya majani ya Mombo mwezi wa pili kabla masika hayajaja, ileile, wala haihitaji kupakwa kitu. Nikanunua kamba ya 2,000 nikaenda nyumbani nikaisokotoa, nikakata nyuzi za milimita 5 mpaka 8, na vichache vya sentimita moja kwa ajili ya yale majani marefu ya kandokando. Nimwambie ukweli anayetaka kujaribu, katani haisimami kwa ile mashine, nimejaribu usiku mzima, nyuzi ni nzito zinalala. Unashika kifungu kidogo na kibanio cha nyusi unachovya gundi unapanda kimoja kimoja, mgongo unauma lakini hakuna nyasi ya dukani inayoifikia. Mimi sasa hivi nafanya hivi, chini kabisa nanyunyiza nailoni ya milimita 2 niliyoichanganya rangi ya kahawia, juu yake ndio vifungu vya katani, inatoka kama vichaka vilivyoungua na jua.

Udongo nimeuchukua nyumbani kwenyewe. Nilienda kumsalimia mama nikarudi na mfuko wa udongo mwekundu, nikaukaanga kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe, nikauchekecha mara mbili, ya pili kwa chujio la chai. Kokoto za reli ni mchanga wa mto uliochekechwa hivyohivyo, naumwaga pembeni ya lile tuta la plastiki mpaka plastiki isionekane, halafu gundi nyeupe nusu maji nusu na tone la sabuni ya vyombo, nadondosha kwa bomba la sindano. Sabuni usiisahau, bila sabuni tone linakaa juu kama jicho halizami. Na kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, usipeleke gundi kabisa, yangu moja ilishika ikabidi niikwangue kwa wembe. Mataruma ya plastiki yalikuja rangi ya mbao, mengi ya kwetu kule ni ya chuma, kwaiyo nimeyapitia moja moja na rangi ya kutu.

Bati la stesheni ndio nalipenda kuliko vitu vyote nilivyotengeneza. Nimechukua foili nene ya vile visahani vya chipsi, nikaiweka juu ya kipande cha ndala, nikaviringisha juu yake msumari wa nyuzi wa milimita 4 nikiukandamiza. Uzi wa huo msumari una nafasi ya milimita 0.7, zidisha mara 120 unapata milimita 84, na bati la migongo la kweli ni kama 76, jicho haliwezi kujua. Kata vipande vidogo upange vikipandana, pakaa kahawia kidogo kwenye mwisho wa bati pale maji yanapokaa.

Mikonge yenyewe nimetengeneza kwa karatasi, nakata nyota ya majani manane, napanda tatu moja juu ya nyingine, nakunja ncha ziende juu, napaka kijani chenye kijivu. Jani moja ni sentimita moja. Nimefika 340 na shamba bado halijajaa. Mkonge kwa kawaida unapandwa mistari miwili miwili imekaribiana halafu nafasi kubwa ya kupita, kwaiyo nimeweka milimita 8 ndani ya jozi na 33 kati ya jozi na jozi, na ukiinama ukaangalia usawa wa meza ile mistari inakimbia mpaka mlimani vilevile kama ukiwa dirishani kwenye basi. Hapo ndio nilijua sijapoteza hela. Kitu kingine, endesha taratibu! Kilomita 40 kwa saa kwenye skeli hii ni sentimita 9 tu kwa sekunde, meza nzima iishe kwa sekunde kama 20. Ukikimbiza inakua mchezo wa watoto hata ungepanda mikonge elfu.

Kwaiyo kwa anayeuliza anunue nini, reli ya Kato nunua, usibanie. Mashine ya nyasi nunua ila sio ile ya bei ya chini kabisa, na chukua nailoni ya kahawia au nyeupe upake mwenyewe. Miti, nyumba, mawe, udongo, acha, vyote vipo kwetu bure au vya sokoni, na vya kwetu ndio vitakupa kwetu.

Mwezi uliopita alikuja mjomba, ndugu wa mama, alifanya kazi kwenye gengi la njia, lile kundi la kutunza reli, miaka mingi. Nikamsalimia shikamoo, nikampa kiti, nikawasha treni. Aliangalia mizunguko kama mitano hasemi kitu, halafu akaweka kidole pembeni ya reli pale nilipojaza katani nzuri kabisa mpaka kwenye kokoto, akaniambia, "Mjomba, hili gengi lako halifanyi kazi? Majani yamefika kwenye reli." Akanieleza walikua wanafyeka pande zote mbili, unaacha ukanda mweupe wa udongo, moto usivuke kwenda kwenye mkonge wa watu na dereva aone mbele kwenye kona. Akasema pia kila urefu fulani wa njia ulikua na kambi yake, vijumba vya bati na rundo la mataruma ya akiba.

Nimeng'oa yote. Jioni mbili kwa kibanio cha nyusi, sentimita 4 kila upande, nikarudishia udongo mwekundu mtupu. Rundo la mataruma nimeshaliweka, 22 yamepangwa msalaba msalaba kama alivyonionyesha na njiti za kiberiti. Vijumba vya kambi navianza wiki hii, foili ipo.