Bundi wa Athens na uso wa Caesar
Sarafu ya fedha ya Athens ya karne ya 5 KK, yenye uzito wa takriban gramu 17, ina kichwa cha Athena, mungu wa kike wa mji huo, upande mmoja na bundi mwenye macho makubwa upande wa pili, pamoja na tawi la mzeituni. Hakuna mtawala anayeonekana, kwa kuwa unaojitukuza ni mji wenyewe. Dinari ya Roma ya mwaka 44 KK, isiyofikia hata gramu 4, ilithubutu kubeba sura ya mtawala Julius Caesar angali hai, shingo ikiwa na makunyanzi na kichwa kimevikwa shada. Kwa uzuri namchagua bundi. Kisiasa dinari ina makali zaidi: hata Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, baadaye alitia sura yake mwenyewe kwenye sarafu, na upande wa pili wa sarafu majambia mawili.