Sudoku ndogo au fumbo la kuvuka mto: tuanze na lipi nyumbani?

Sudoku ni fumbo la kujaza namba kwenye miraba, na ile ya nne kwa nne ni nyepesi kuieleza: kila mstari wa kulala, kila wa kusimama na kila kisanduku cha miraba 4 kiwe na namba 1 hadi 4 bila kurudia. Haihitaji hesabu, mtoto asiyejua kujumlisha anaimaliza, na hata picha zinaweza kushika nafasi ya namba. Ila penseli hushikwa na mmoja, wengine wakabaki kutazama.

Fumbo la kuvuka mto huwashika wote. Mtu ana chui, mbuzi na majani. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avuke vipi? Jibu huchukua safari 7, na ufunguo wake ni hatua ambayo wengi huikataa mwanzoni: kumrudisha mbuzi alikotoka. Hapo ndipo ubishi mtamu huanza! Tumieni vifuniko vitatu vya chupa kama wahusika, na mdogo asiyejua kusoma apewe kazi ya kuvisogeza.

Kasoro yake ni kwamba likishafumbuliwa, limekwisha, ilhali Sudoku mpya haziishi. Hata hivyo, kwa jioni ya kwanza nachagua mto bila kusita. Sudoku ije baadaye, kila mtu na karatasi yake, na mpitie ya sita kwa sita kabla ya kugusa ile ya tisa kwa tisa.