TAHADHARI: "Mpenzi" wa mtandaoni, kifurushi kilichokwama na faida usiyoweza kuitoa

Tapeli wa mapenzi haombi hela siku ya kwanza. Atakujulia hali asubuhi na usiku kwa wiki kadhaa, atakumbuka hadi siku ya miadi yako ya hospitali. Mara nyingi akaunti hiyo moja inaendeshwa na watu wanaopokezana zamu, ndiyo maana lugha yake hubadilika ghafla.

Atasema ni mwanajeshi, daktari aliye vitani au injinia wa mafuta baharini, apate kisingizio cha kutoonana nawe. Akijiita askari wa Marekani na kutaka umlipie likizo, mkatie hapo hapo. Jeshi lile halitozi mtu pesa ili askari wake apewe likizo.

Picha zake zitafute zote kwenye Google Lens au TinEye. Zikija na jina jingine, umeshamjua. Zisipoonekana popote bado usimwamini, kwani siku hizi sura hutengenezwa na akili bandia. Kwenye simu ya video mwambie ageuke ubavu, kisha apitishe kiganja mbele ya uso polepole. Sura ya bandia mara nyingi hucheza pembeni mwa shavu, ingawa kuna zinazopita hata hapo.

Kisha kinakuja kifurushi. "Nimekutumia simu, dhahabu na bahasha ya dola." Baada ya siku mbili "wakala" anakupa namba ya kufuatilia mzigo, nayo inafunguka kwenye tovuti waliyoitengeneza wenyewe. Ulipe ushuru. Ukilipa, inadaiwa bima, halafu cheti cha kuthibitisha kwamba fedha ni halali. Wanajua aliyekwisha kutoa huona uchungu kuacha njiani. Ushuru halisi haulipwi kwa namba ya mtu binafsi.

La hatari zaidi ni yule asiyeomba kitu, anayekufundisha tu kuwekeza kwenye sarafu za kidijitali. Unaweka kidogo, unaona faida, unaruhusiwa hata kutoa kiasi. Hicho ni chambo. Ukiweka akiba yako yote, unaambiwa utume "kodi" kwanza ndipo utoe. Tarakimu za kwenye skrini wameziandika wao. Pesa yako iliondoka siku ile ile uliyoituma.

Usimpe namba za siri zinazoingia kwenye simu yako, usimtumie picha za utupu, na usikubali kupokea pesa ili umpelekee mtu mwingine. Hiyo ya mwisho inaweza kukuingiza wewe kwenye kesi.

Kama umeshatuma, ndugu yangu, aibu iweke kando. Piga simu sasa hivi benki au kwa mtandao wa simu uliotumia kutuma pesa, usisubiri kesho. Piga picha za skrini zenye namba, tarehe na kiasi kabla ya kumfungia, upeleke polisi. Malipo ya kadi ya benki huweza kupingwa. Sarafu za kidijitali na kadi za zawadi hurudi kwa nadra sana. Na atakayekufuata akidai ni mtaalamu wa kurejesha pesa, ila umtangulizie ada, huenda ni genge lile lile au lililouziwa namba yako. Usimlipe.