Birika la umeme la wati 1500: nilichokipima nyumbani

Birika hili la lita moja na nusu, ambalo kibandiko chake kinadai wati 1500, nililipima kwa mita ya kubana waya maji yalipoanza kuvuma, nikapata mkondo wa ampea 5 huku soketi ikitoa volti 230. Ukizidisha, nguvu yake ni wati 1150 tu. Ukigawanya volti kwa ampea, ukinzani wa koili ni omu 46, ilhali wati 1500 zingehitaji omu 35 hivi. Ndiyo maana linachelewa kuchemsha, jambo linaloudhi sana asubuhi. Mfuniko unafunga barabara, waya haupati moto, na swichi hujizima yenyewe bila kukosea. Ningelinunua tena iwapo tu bei yake ingelingana na wati 1150.